Mikono miwili kwenye bomba: maswali ya dirishani kuhusu jinsi dawa zinavyoundwa

Wiki iliyopita kijana anayesomea maabara alisimama kwenye dirisha la duka letu la dawa, Mbagala, akaniuliza dawa mpya zinaundwaje. Foleni ilikuwa ndefu na waliokuwa nyuma yake nao wakaanza kuuliza. Nimekusanya maswali yao hapa.

Dawa ikishafika mwilini inashika nini?

Nyingi hushika protini, iwe ya mwili wenyewe au ya kimelea. Protini ina mikunjo na vishimo. Dawa ikikaa vizuri kwenye kishimo, mara nyingi protini ile hushindwa kufanya kazi yake. Ikishika kwa ulegevu huchomoka upesi, na hapo itahitajika dozi kubwa, yenye madhara zaidi.

Kwa nini watafiti waanze na vipande vidogo, yaani molekuli ndogo za kemikali?

Kitu kidogo hupenya pale kikubwa kinapokwama. Uzito wa vipande hivi kwa kawaida hauzidi daltoni 300 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli). Aspirini ina 180. Tatizo ni kwamba kimoja peke yake hushika kidogo sana.

Viwili vikiunganishwa?

Umeshika bomba kwenye daladala kwa mkono mmoja, dereva anakata kona, unapepesuka. Shika kwa mikono miwili: mmoja ukiteleza, wa pili unakubakiza palepale, na ule ulioteleza unalifikia bomba tena mara moja. Mwaka 1996 watafiti wa kampuni ya Abbott ya Marekani, akiwemo Stephen Fesik, walikuwa na vipande viwili vinavyoshika protini iitwayo FKBP, kimoja kwa mikromola 2, kingine kwa mikromola 100. Namba hizi hupima kiasi cha dawa kinachohitajika ili protini ishikwe: namba ikipungua, mshiko umekaza. Walipoviunganisha walipata nanomola 19 (nanomola 1,000 ni mikromola 1), yaani mshiko mkali mara 100 hivi kuliko wa kile kipande bora. Kila nikiisoma hesabu hii nafurahi upya.

Mbona basi dawa za namna hii ni chache?

Kiunganishi, yaani kile kinachovifunga vipande pamoja, ndicho kinachowatesa watafiti. Kikiwa kifupi, kinaving'oa vipande kwenye vishimo vyao. Kikiwa kirefu, kinaning'inia na nguvu inapotea. Wengi huamua kukikuza kipande kimoja taratibu.

Ipo iliyowafikia wagonjwa?

Ipo. Venetoclax, ya aina fulani za saratani ya damu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2016, na chimbuko lake ni kazi hiyo ya kuunganisha vipande. Hushika BCL-2, protini inayozikinga seli za saratani zisife. Kwa saratani sugu ya limfosaiti (aina ya chembe nyeupe za damu) mgonjwa huanza na miligramu 20 kwa siku, akapandishwa kila wiki hadi 400 wiki ya tano, huku damu ikipimwa, kwa kuwa seli nyingi zikifa kwa mpigo mabaki yake huweza kuzielemea figo. Ukiwa na ndugu aliyeanzishiwa dozi ndogo, msidhani anapunjwa.

Kwa hiyo nikimeza vidonge viwili pamoja vitaungana viwe vikali?

Hapana, mama. Vipande huunganishwa kwa kemia, maabara. Tumboni kila kidonge kinakwenda kivyake, na madhara yanaweza kujumlishana. Mama aliyeuliza alikuwa ameshika paracetamol na dawa ya mafua. Nikageuza boksi la dawa ya mafua, nikamwekea kidole kwenye yale maandishi madogo: paracetamol, tena. Angemeza dozi maradufu, na ini ndilo lingeumia. Akarudisha boksi moja, akaniomba nimsomee na zile nyingine zilizokuwa kwenye mkoba wake.