Mtoro wa Mto Leaf

Nafundisha historia ya Marekani ya karne ya 19, na kila mwaka nikifika kwa Newton Knight, mkulima aliyelitoroka jeshi la Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, darasa linagawanyika. Kuna wanaosema shujaa, kuna wanaosema mtoro tu, basi. Mimi nalipenda zaidi hilo neno la pili. Kiingereza kina jina la askari aliyekimbia kikosi, na jina jingine kabisa la mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Kwetu wote ni watoro. Katika pwani yetu ya karne hiyohiyo, ukitaja watoro mtu alifikiria Fuladoyo, kijiji cha watumwa waliotoroka, au wale waliokimbilia Witu kwa Sultani Ahmed, yule Simba. Neno hilo moja linamweleza Newton kuliko kurasa nyingi nilizosoma juu yake.

Alikuwa mkulima mdogo wa Jones, wilaya iliyoko kusini-mashariki mwa jimbo la Mississippi. Ukisikia Mississippi usiwaze mashamba ya pamba yasiyo na mwisho. Jones ni misonobari, udongo wa kichanga na vinamasi vya Mto Leaf. Watu walilima mahindi na viazi vitamu, nguruwe wakiachiwa msituni wajitafutie. Mwaka 1860 watumwa walikuwa asilimia 12 tu ya wakazi wa Jones, wakati katika jimbo zima walizidi nusu. Lakini tusimpambe: babu yake Newton alikuwa miongoni mwa wenye watumwa wengi wilayani. Ila baba yake, Albert, hakuwa na mtumwa, wala Newton mwenyewe. Alimwoa Serena mwaka 1858 wakaenda kulima Jasper, wilaya ya jirani.

Majimbo ya Kusini yenye watumwa yalipotaka kujitenga na Muungano wa Marekani, ulioshikiliwa na Kaskazini, na vita vilipokaribia, watu wa Jones walimchagua John Powell akawakilishe msimamo wao kwenye mkutano wa jimbo: hatutaki kujitenga. Powell akafika Jackson, mji mkuu wa jimbo, akaona upepo unavuma wapi, akapiga kura ya kujitenga. Hiyo ilikuwa Januari 1861. Nyumbani walichoma sanamu yake.

Hata hivyo Newton alijiandikisha katika jeshi la Kusini Julai 1861. Wanafunzi wangu hapa hukunja uso, maana walishamvika kilemba cha ushujaa. Mwanzoni mwa 1862 alipewa ruhusa ya kwenda kumuuguza baba yake. Aprili ikaja sheria ya kuwaandikisha wanaume kwa lazima, na Mei akaingia jeshini tena pamoja na majirani zake, katika Batalioni ya 7 ya askari wa miguu wa Mississippi. Kuingia pamoja lilikuwa jambo la akili: kama ni lazima uende, bora uwe na mtu wa kwenu wa kukushika mkono ukiumwa. Yeye akapangiwa kuhudumia wagonjwa.

Sasa tuje kwenye Oktoba 1862, mwezi ninaoutumia vipindi viwili kuusomesha. Tarehe 3 na 4 jeshi lao lilichapwa vibaya Corinth, kaskazini mwa jimbo. Siku chache baadaye serikali ya Kusini ikapitisha sheria iliyomruhusu mzungu mmoja kubaki nyumbani katika kila shamba lenye watumwa 20 au zaidi. Jirani yake Jasper Collins alipoisikia alisema hivi sasa ni vita vya tajiri vinavyopiganwa na maskini, akatupa silaha, akaondoka. Newton naye akatoroka Novemba.

Wengi huishia kwenye sheria hiyo. Mimi huwaambia waiangalie kalenda ya shamba. Novemba kule mahindi yako ghalani, au yanaoza kondeni kwa kukosa mkono wa kuyavuna. Baridi inapoanza ndiyo nguruwe huchinjwa, nyama ikatiwa chumvi ya kutosha mwaka mzima. Chumvi ilikuwa imeadimika kwa sababu meli za Kaskazini zilifunga bandari. Askari alilipwa dola 11 kwa mwezi, tena zikichelewa. Wapandafarasi wa jeshi lao wenyewe walipita vijijini wakichukua farasi, mahindi na hata nguo. Mwaka 1863 ikaongezwa kodi: fungu moja katika kila mafungu kumi ya mavuno. Nimekulia kwenye nyumba ya wakulima wa mahindi. Ghala likiguswa mara mbili, mama hahesabu tena magunia, anahesabu siku.

Newton alikamatwa mapema 1863, akatoroka tena. Baada ya Vicksburg, ngome ya Kusini kwenye Mto Mississippi, kuanguka Julai 4, watoro wakajaa misitu ya Jones. Agosti akaletwa Meja Amos McLemore wa jeshi la Kusini kuwasaka. Usiku wa Oktoba 5 alipigwa risasi ndani ya nyumba ya Amos Deason mjini Ellisville. Wengi waliamini aliyefyatua ni Newton, ingawa mahakama haikuwahi kulithibitisha hilo. Wiki moja baadaye watoro waliunda kikosi chao na kumfanya kapteni.

Kambi yao ilikuwa kwenye vinamasi vya Leaf, na waliitana kwa pembe za ng'ombe. Huhitaji kufafanuliwa wewe uliyekua ukisikia kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Lakini mkulima mwenye nyumba na mke alijulia wapi kuishi kinamasini, akiwindwa na mbwa?

Alifundishwa na watoro wa kwanza. Watumwa wa Jones walikuwa wakijificha kwenye vinamasi hivyohivyo, mbele ya mbwa walewale, kabla ya askari yeyote kutoroka. Rachel, aliyemilikiwa na ukoo wa babu yake Newton, ndiye aliyewapelekea chakula na habari. Masimulizi ya familia yanasema ndiye pia aliyewafundisha wake zao kutwanga pilipili kali na kuimwaga njiani. Mbwa akiinusa anapiga chafya, anapoteza harufu, na mwenye mbwa anabaki kutukana. Kwa mimi hiki ndicho kiini cha habari yote. Watu wanapenda ile hekaya ya Jones kujitangazia uhuru kama nchi. Wenyewe walidai hawakuwahi kuondoka Marekani hata wahitaji kujitenga na yeyote. Habari kubwa ni kwamba mjukuu wa mwenye watumwa aliokolewa na maarifa ya watumwa.

Walivamia ghala la mahindi ya kodi huko Paulding, mengine wakawapa maskini wa mji. Aprili 1864 akaja Kanali Robert Lowry na mbwa na kamba, akanyonga wanaume wapatao kumi. Wengine walikimbilia New Orleans wakaingia jeshi la Kaskazini. Newton hakupatikana. Lowry baadaye alikuwa gavana wa jimbo hilohilo.

Vita vilipoisha Newton alipewa kazi ya kugawa chakula kwa wenye njaa, na ya kuwatoa watoto weusi ambao mabwana walikuwa bado wamewashikilia. Aliomba kikosi chake kilipwe kama askari wa Muungano. Alianza mwaka 1870, akaambiwa alete ushahidi, akaleta, akaambiwa hautoshi. Jibu la mwisho lilikuwa hapana, mwaka 1900. Wakati huo wote alikuwa analima, akiishi na Rachel na watoto waliowazaa pamoja, naye Serena na watoto wake wakiwa karibu. Wawili kati ya watoto wa Newton na Serena walioana na watoto ambao Rachel aliwazaa kabla ya kuishi na Newton, mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Majirani wazungu walisusa.

Rachel alifariki mwaka 1889. Newton alimfuata Februari 1922, akazikwa kwenye makaburi ya familia alikolala Rachel, mahali ambapo desturi ya Mississippi ilikataza mzungu kulazwa. Mwaka 1948 kitukuu wao, Davis Knight, alihukumiwa kifungo cha miaka mitano kwa kumwoa mwanamke mzungu, kinyume cha sheria ya jimbo iliyokataza ndoa za weusi na wazungu. Hoja yote ya mahakamani ilikuwa damu ya Rachel: je, Davis alikuwa nayo moja ya nane, kiwango cha kumhesabu mweusi katika sheria hiyo, au pungufu? Mwaka uliofuata mahakama ya juu ya jimbo ilitengua hukumu kwa kuwa hesabu hiyo haikuthibitishwa. Sheria yenyewe ikabaki vilevile.