Kumkumbuka William Hewlett, mhandisi na mpenzi wa milima

William Hewlett alifariki tarehe 12 Januari 2001 akiwa na umri wa miaka 87, na tangu hapo kila anapotajwa simulizi huanzia kwenye gereji ndogo ya Palo Alto, California, ambamo yeye na David Packard walianzisha kampuni ya Hewlett-Packard mwaka 1939 kwa mtaji wa dola 538. Gereji hiyo imekwisha kusifiwa vya kutosha. Mimi ni mwalimu wa elektroniki, na naona kwamba anayetaka kumfahamu mtu huyu afungue kwanza mashine yake ya awali, atazame kilichomo.

Mashine hiyo, iliyopewa jina la 200A, ni osileta, yaani chombo kinachotoa mawimbi ya umeme ya frikwensi (idadi ya mawimbi kwa sekunde) unayoichagua, ambayo fundi huyapitisha kwenye redio, amplifaya (kikuza mawimbi) au laini ya simu ili kuipima. Osileta nyingi za wakati huo zilitegemea koili (waya uliozungushwa) na kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme), na hapo palikuwa na taabu mbili. Kwa frikwensi za chini koili ilibidi iwe kubwa na nzito. Tena, kwa kuwa frikwensi hufuata kipeuo cha pili cha kapasita, aliyetaka kuibadili frikwensi mara kumi alilazimika kuibadili kapasita mara mia. Hewlett, katika utafiti wake wa Chuo Kikuu cha Stanford chini ya Profesa Frederick Terman, aliiacha koili kabisa, akatumia rezista (kifaa kinachopinga mkondo wa umeme) na kapasita katika mpangilio wa saketi uitwao daraja, uliobuniwa na mwanafizikia Mjerumani Max Wien mwaka 1891. Katika mpangilio huo kuibadili kapasita mara kumi huibadili frikwensi mara kumi, kwa hiyo kapasita ya kawaida ya kuzungusha, ile ile ya kutafutia stesheni kwenye redio, inatosha.

Ugumu ulibaki mahali pamoja. Ili daraja la Wien litoe mawimbi safi, amplifaya lazima iyakuze mara tatu kamili. Ikikuza chini ya hapo kidogo, mawimbi hufifia na kufa. Ikizidisha kidogo, mawimbi hukua mpaka yakakatwa vichwa na kupoteza umbo. Hakuna vali (bomba la kioo lililofanya kazi ya kukuza katika amplifaya za wakati huo) inayoweza kuishikilia tatu kamili siku zote, maana joto na uchakavu huyumbisha ukuzaji wake. Hewlett akaweka balbu ndogo ya kawaida katika njia ya mrejesho, yaani inayorudisha sehemu ya mawimbi yaliyokuzwa kwenye amplifaya ili kudhibiti ukuzaji. Waya wa tungsteni ulio ndani ya balbu huongeza ukinzani kadiri unavyopata joto, na tofauti kati ya waya baridi na waya unaowaka kabisa hufika takriban mara kumi. Mawimbi yakikua, mkondo katika balbu huongezeka, waya hupata joto, ukinzani hupanda na ukuzaji hushuka. Yakipungua, mambo hugeuka kinyume. Isitoshe, waya huo hauna haraka: hauwezi kupata joto na kupoa ndani ya wimbi moja, kwa hiyo hufuata wastani wa mawimbi bila kuligusa umbo lake. Ndiyo maana katika frikwensi za chini sana, ambapo wimbi moja huchukua muda, umbo huanza kupinda, na ndiyo maana pia ukizungusha kitufe ghafla kimo cha mawimbi huyumbayumba kabla ya kutulia. (Wanafunzi wakiona hivyo mara ya kwanza, hudhani wameunganisha nyaya vibaya.)

Kwa haki, si yeye aliyekuwa wa kwanza kuipa balbu kazi hiyo. Larned Meacham wa Bell Labs, maabara ya utafiti wa simu, alikwisha kuchapisha osileta ya fuwele iliyotulizwa kwa balbu mwaka 1938. Sifa ya Hewlett ni kuona kwamba balbu, daraja la Wien na kapasita ya redio vikikutana vitazaa chombo kizuri cha bei nafuu. 200A iliuzwa dola 54.40, wakati vyombo vilivyoshindana nayo viligharimu mara kadhaa ya bei hiyo, na studio ya Walt Disney ilinunua vinane vya toleo lililofuata, 200B, kwa kazi ya sauti ya filamu.

Baba yake, profesa wa tiba pale Stanford, alifariki Hewlett akiwa na umri wa miaka 12. Yeye mwenyewe alikuwa na disleksia, na kwa kuwa kusoma na kuandika kulimwia vigumu, alizoea kusikiliza kwa makini na kuyapanga mambo kichwani. Nadhani tabia hiyo ya kutazama na kusikiliza ndiyo iliyompeleka porini pia. Mwaka 1934, baada ya kuhitimu, yeye na Packard walikwenda kupiga kambi na kuvua samaki katika milima ya San Juan huko Colorado, na Packard ameeleza kwamba urafiki wao ulikomaa huko. Maisha yake yote Hewlett alipanda milima, aliteleza kwenye theluji, alivua, na alijisomea botania akipiga picha maua ya porini. Miaka ya 1950 wawili hao walinunua kwa pamoja ranchi ya San Felipe wakafuga ng'ombe, na familia zao zikawa zinakwenda huko.

Alimwoa Flora Lamson mwaka ule ule wa 1939, wakapata watoto watano. Mwaka 1966 walianzisha pamoja mfuko wa hisani unaobeba majina yao mawili. Flora alifariki mwaka 1977, na mwaka uliofuata Hewlett alimwoa Rosemary Bradford.

Kwa maoni yangu uamuzi wake bora kama mkuu wa kampuni ni ule wa mwaka 1970, biashara ilipodorora. Badala ya kupunguza wafanyakazi, kampuni ilikata kila mshahara kwa asilimia 10, wa wakubwa pia, na wafanyakazi wakapewa mapumziko Ijumaa moja kati ya kila mbili. Kikokotoo cha HP-35 cha mwaka 1972, alichosisitiza kitoshe mfuko wa shati, kiliwatupisha wahandisi rula zao za kukokotolea, na wengi humkumbuka zaidi kwa hicho.

Mwaka 1963 kampuni ilinunua bonde la Little Basin katika milima ya Santa Cruz ili wafanyakazi na familia zao wapate pa kupigia kambi, na katika tafrija za huko Hewlett na Packard walikuwa wakiwachomea watu nyama wenyewe. Kampuni iliiuza ardhi hiyo mwaka 2007 kwa mashirika ya uhifadhi, na mwaka 2011 ikawa sehemu ya hifadhi ya Big Basin Redwoods, mali ya jimbo la California.