Kaseti ya Bandersnatch haikufichwa popote
Kwa miaka mingi wapenzi wa kompyuta ya ZX Spectrum wamesimuliana kwamba gemu ya Bandersnatch ya kampuni ya Imagine, Liverpool, ilikamilika na kaseti iliyorekodiwa gemu hiyo imefichwa mahali. Sivyo. Kampuni ilifilisika Julai 1984, kamera za BBC zikishuhudia, na gemu ilikuwa bado inatengenezwa.

Tena kaseti peke yake isingefaa kitu. Spectrum ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 48 tu. Bandersnatch ilihitaji kifaa cha ziada cha kuchomeka kwenye kompyuta, na ndiyo maana bei iliyotajwa ilifika karibu pauni 40.

Mawazo yake, nashukuru, hayakupotea. Yaliingia katika gemu ya Brataccas ya kampuni ya Psygnosis, ambamo mhusika mkuu, Kyne, anasaka ushahidi wa kusafisha jina lake, maneno ya wahusika yakitokea kwenye viputo kama katuni za magazetini.