Doa jeusi kwenye picha ya rada si lazima liwe mafuriko

Mvua kubwa ikinyesha, picha za rada za setilaiti huanza kusambaa mitandaoni kabla kazi ya kuzichakata haijakamilika. Zina madoa meusi makubwa, na mtu ameandika chini yake kwamba eneo lote hilo limezama. Malalamiko huletwa kwetu sisi tunaotengeneza ramani za mafuriko: mbona ramani rasmi inaonyesha maji machache kuliko picha ile? Mnaficha nini? Hatufichi kitu. Picha imesomwa vibaya.

Rada haitegemei mwanga wa jua. Hutuma mawimbi yake yenyewe kwa mshazari hadi ardhini, kisha hupima kiasi kinachorudi, na ndiyo maana huona usiku na kupitia mawingu. Setilaiti za rada za Sentinel-1, za mpango wa Copernicus wa Umoja wa Ulaya wa kuichunguza dunia, ambazo ya kwanza ilirushwa Aprili 2014, huzunguka kwenye kimo cha kilomita 693 hivi na hutumia mawimbi yenye urefu wa takriban sentimita 5.6. Weusi kwenye picha maana yake ni moja tu: mawimbi machache mno yamerudi. Maji yaliyotulia huyatupa upande wa pili, kama mpira uliopigwa kwa mshazari ukutani. Lakini lami ya uwanja wa ndege hufanya vivyo hivyo. Mchanga mkavu pia huonekana mweusi, na nyuma ya mlima kuna kivuli ambako mawimbi hayakufika kabisa.

Kosa la pili ni zito zaidi. Mafuriko yanaweza kung'aa. Maji yakisimama chini ya miti au kati ya majengo, wimbi hugonga maji, hudunda kwenye shina au ukuta, kisha hurudi lilikotoka likiwa na nguvu. Upepo nao ukiuchafua uso wa ziwa, weusi hufifia. Kwa hiyo anayetafuta weusi peke yake atayaongeza mafuriko milimani na kuyakosa mjini, penye watu wengi. Tumeeleza jambo hili mara nyingi, na bado picha zilezile zinarudi na maelezo yaleyale. Wanaosambaza wana nia njema, hatuna shaka, ila msaada unaweza kuelekezwa kusikohitajika huku waliozingirwa na maji wakisubiri.

Ramani ya mafuriko huhitaji angalau picha mbili, ya kabla na ya wakati wa tukio. Zote ziwe zimepigwa kutoka upande uleule, yaani setilaiti ikielekea kaskazini katika zote mbili au kusini katika zote mbili, na mwelekeo wa mtikisiko wa mawimbi uwe uleule. Kila picha hurekebishwa vipimo, hupunguzwa chengachenga, hupangwa upya kufuata miinuko, kisha vivuli vya milima huondolewa. Mito na maziwa ya kudumu nayo hutolewa. Kinachobaki ndicho kinachochunguzwa. Anayeomba nakala ataje latitudo na longitudo za eneo, tarehe, na matumizi. Asiombe saa anayoitaka yeye: setilaiti moja ya Sentinel-1 hurudia njia yake kila baada ya siku 12, na maji yanaweza kuwa yamekwisha kupungua.

Data za Sentinel ni bure, hata kwa biashara. Sharti ni kutaja kwamba ni data za Copernicus Sentinel na mwaka wake, na kama zimebadilishwa, iandikwe hivyo. Picha za setilaiti za kibiashara hufuata leseni za wamiliki wake. Kuzisambaza bila ruhusa ya leseni ni kuvunja mkataba na kukiuka hakimiliki, hata kama mtu hakupata faida yoyote. Vilevile, msaada wa picha za setilaiti wakati wa maafa kupitia Mkataba wa Kimataifa wa Anga na Majanga Makubwa, ulioanza kutumika mwaka 2000, huombwa na mamlaka zilizoidhinishwa pekee. Mwananchi hawezi kuuomba msaada huo moja kwa moja.

Wapo pia wanaoogopa kwamba rada hii inaona ndani ya nyumba. Haioni. Kwa hali ya kawaida ya upigaji juu ya nchi kavu, Sentinel-1 hutofautisha vitu vya takriban mita 5 kwa 20. Mtu hatambuliki humo.

Baharini hadhari ni ileile. Mafuta hulaza viwimbi vidogo na kuacha ukanda mweusi, lakini upepo hafifu huacha weusi unaofanana nao. Picha peke yake kwa kawaida haitoshi kumtia nahodha hatiani. Huelekeza ndege au meli ya ukaguzi, sampuli huchukuliwa, na kumbukumbu za meli hukaguliwa. Uvujaji ukithibitika, adhabu hutolewa kwa sheria ya nchi husika, na MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi unaotokana na meli, unataka iwe kali kiasi cha kuwazuia wengine, popote kosa lilipotendeka.