Hadar si lazima iwe Hadar

Kila mwaka ifikapo Mei, Kentauro, kundinyota la kusini, anapokuwa juu kusini mwa anga letu mwanzoni mwa usiku, tunaletewa tamko lile lile: kwamba Beta Centauri ndiyo nyota ambayo Waarabu wa kale waliiita Hadar, na kwamba mwaka 2016 Muungano wa Kimataifa wa Astronomia uliliidhinisha tu jina la urithi. Kuidhinishwa ni kweli. Urithi ndio wenye mashaka.

Fizikia yake haina ugomvi mkubwa. Ni nyota jitu ya buluu-nyeupe ya daraja B1 III (B1 ni kipimo cha joto, III ni alama ya jitu), na ukaribu wake na Alfa Centauri, jirani yake angani, ni wa macho tu, kwani Alfa iko umbali wa miaka ya nuru 4.4 ilhali hii imepita 350. Tarakimu kamili zinatofautiana, na sishangai: nyota hii kwa kweli ni majitu mawili yanayozungukana kwa siku 357, muda unaokaribiana mno na mwaka wetu, hivyo kuyumba kwao kunaweza kuchanganyika na paralaksi yenyewe, yaani kule kusogea kwa nyota machoni petu tunapolizunguka Jua, ambako ndiko hupimia umbali.

Turudi kwenye jina. Katika mapokeo ya Kiarabu, Hadar na Wazn zilikuwa jozi iliyoitwa al-muhlifan, wawili wanaoapisha, kwa sababu mtu aliyeona mojawapo ikichomoza aliapa kuwa ni Suheli, ile nyota angavu ya kusini iitwayo pia Canopus, mwenzake akaapa kuwa siyo, na mmoja wao akabaki na kiapo cha uongo. Kisa hiki kinadai nyota inayochomoza kabla ya Suheli, tena kwa muda mfupi. Sasa tupige hesabu, jambo ambalo wasimulizi hawalifanyi: katika latitudo ya Makka, hata ukirudisha anga nyuma miaka elfu moja, Beta Centauri huchomoza takribani saa saba baada ya Suheli. Nani angeapa kwa kosa la namna hiyo? Beta Columbae, nyota ya kundinyota la Njiwa, kinyume chake, humtangulia Suheli kwa saa moja na kitu, japo mwanga wake ni hafifu mno kumdanganya mchungaji mzoefu, na hapo ndipo nadharia ninayoipendelea, kwamba jozi hiyo ilikuwa upande huo wa anga, inapochechemea. Huenda mfanano uliokusudiwa ulikuwa ule wa nyota inayoinuka kidogo kusini na kuzama upesi. Kwa hoja hiyo Kentauro anarudi mezani.

Orodha rasmi ya Muungano huo imeigawa jozi hiyo kama mirathi isiyo na kadhi. Hadar imepewa Beta Centauri na Wazn Beta Columbae, huku lile jina lao la pamoja likitumika mara mbili kwa tahajia tofauti: Muhlifain kwa Gama Centauri, Muliphein kwa Gama Canis Majoris. Anayeniambia kwamba haya ni mapokeo yaliyohifadhiwa na anionyeshe Mwarabu wa kale aliyezipanga hivyo.

Isitoshe, jina limesajiliwa kwa Beta Centauri Aa, mojawapo ya yale majitu mawili, peke yake. Ab, jitu lenzake lenye uzito unaozidi mara kumi ule wa Jua, limeachiwa herufi.