Je, wajua kuwa gemu huiga kamera badala ya jicho?

Katika vibanda vya gemu vya Nairobi, gari likikata kona na mandhari yote yakavutika kuwa michirizi, picha husifiwa kuwa ya kweli, eti ndivyo macho yaonavyo kasi. Sivyo. Ndivyo kamera inavyoona kasi, na tofauti hiyo huwachosha macho wachezaji wengi.

Madoido mengine ni ya ukoo huo huo. Ile misururu ya miduara jua linapotokeza nyuma ya jengo hutokana na mwanga kurukaruka kati ya vioo kadhaa vya lenzi. Jicho halina mrundiko huo. Zile kingo nyekundu na buluu pembezoni mwa picha ni kioo kushindwa kupinda rangi zote sawasawa. Jicho nalo lina kasoro hiyo, ila ubongo huisahihisha. Mafundi wa lenzi walipambana na haya kwa vizazi: John Dollond alipewa hataza London mwaka 1758 kwa lenzi iliyopunguza kuvuja kwa rangi, na mwaka 1935 Alexander Smakula wa kampuni ya lenzi ya Zeiss akabuni utando wa kuzuia mwanga kuakisiwa. Leo mashine inatumia nguvu zake kuzirudisha kasoro hizo kwenye picha ambayo haikupita katika lenzi yoyote. Inashangaza kweli.

Lakini tuutazame ukungu wa mwendo, yaani ile michirizi ya mwanzoni. Sinema hupigwa fremu 24, yaani picha moja moja, kwa sekunde, na kwa kawaida kila fremu hupokea mwanga kwa 1/48 ya sekunde. Kitu kikisogea ndani ya muda huo, huacha mchirizi. Jicho si hivyo. Keti dirishani katika matatu ya Thika Road, ukazie macho bango moja la kando ya barabara: macho yanateleza pamoja nalo, na maandishi yanasomeka. Sasa kazia macho doa lililo kwenye kioo cha dirisha: bango linapita likiwa mchirizi mtupu. Matatu haijabadili mwendo. Kilichobadilika ni pale ulipotazama.

Gemu haijui unatazama wapi. Unapogeuka kumsaka adui, macho yako yanamfuata akikatiza skrini, ila yeye ameshapakwa ukungu pamoja na ukuta ulio nyuma yake. Kinachofichwa ndicho hasa ulichotaka kukiona. Kwenye sinema mwongozaji ndiye anayekuchagulia pa kutazama, kwa hiyo ukungu haudhuru. Kwenye gemu anayechagua ni mchezaji.

Hata hivyo, si kila ukungu ni adui. Kwa fremu 30 kwa sekunde, kila fremu ikiwa tukio lililogandishwa, mwendo huonekana kurukaruka, na ukungu kidogo kwenye magurudumu au mkono unaorusha ngumi husaidia, kwa kuwa jicho lisingeweza kuvifuata. Kuanzia fremu 60 haja hiyo hupungua. Gemu nyingi huruhusu kuyazima madoido haya kwenye mipangilio, na baadhi hutenganisha ukungu wa kamera, ule wa mandhari yote unapogeuka, na ule wa vitu vinavyosogea. Ukikuta mipangilio hiyo, zima ukungu wa kamera kwanza.