Rotari hama si kila drili yenye alama ya nyundo

Siku hizi drili yoyote yenye kialama cha nyundo kwenye swichi inaitwa rotari hama. Mteja anauliza kama inatoboa zege, muuzaji anajibu "hii ina hama", hela inatoka.

Rotari hama ni mashine inayozungusha biti (ncha ya kutobolea) huku ikiigonga kwa nguvu ya hewa iliyobanwa. Maana ni hiyo tu, na hiyo hewa ndiyo inayosahaulika.

Drili ya kawaida yenye hama haina hewa ya kugonga. Ndani mna visahani viwili vya chuma vyenye meno. Vikizunguka vimegusana, meno yanarukana na biti inatetemeka. Mapigo ni maelfu kwa dakika, ila kila moja ni dhaifu, na usipoegemea mashine hata hayo huyapati. Kwenye tofali inatosha. Ipandishe kwenye linta ya zege juu ya dirisha, pale panapofungwa fimbo ya pazia: inaingia sentimita moja, inakuta kokoto, inalia, ncha ya biti inageuka bluu kwa moto na shimo haliongezeki.

Kwenye rotari hama, mota inasukuma pistoni ndani ya silinda, pistoni inabana hewa, hewa inarusha kipande cha chuma kinachogonga mkia wa biti. Kwa sababu hiyo biti zake za SDS-plus, yaani za kuchomeka bila kukazwa, zina mifereji kwenye mkia wake wa milimita 10: lazima zipate nafasi ya kwenda mbele na nyuma. Biti iliyokazwa kwa ufunguo haina nafasi hiyo. Wewe unashikilia tu, kugonga ni kazi ya mashine.

Walioelewa hilo nao hukimbilia mashine kubwa. Kwa fisha (plagi za kushikia skrubu ukutani) za milimita 6 au 8, ya kilo mbili hivi yenye pigo la jouli 2 inatosha kabisa. Ile nzito ya SDS-max, yenye biti za mkia mnene zaidi, ni ya mashimo makubwa na kubomoa. Biti nyembamba hivyo hazitengenezwi kwa ajili yake. Na tusilinganishe kwa wati, maana wati ni umeme inaokula. Pigo hupimwa kwa jouli.

Ukiambiwa "ina hama", tazama kichwa. Kikiwa na taya tatu za kukaza, na hakichomoki kuonyesha tundu la SDS nyuma yake, mwambie muuzaji kwa upole kwamba hiyo ni drili ya tofali.